Kabla ya kumzuia mtoto shule, angalia ndoo ya maji ya nyumbani

"Shikamoo daktari. Ninaishi Dar es Salaam, mtaa wa uswahilini, na nina watoto watatu. Mkubwa ni wa kike, ana miaka 12, yuko darasa la sita. Wa pili ana miaka 7, yuko darasa la pili. Wa mwisho ana miezi 10, bado ananyonya. Wiki iliyopita jirani yetu wa nyumba ya tatu alichukuliwa usiku akiharisha na kutapika, tukasikia ni kipindupindu. Tangu siku hiyo nimewazuia watoto kwenda shule. Shule ni ya serikali, watoto ni wengi, na vyoo niliviona mwenyewe siku ya kikao cha wazazi, nikarudi sina hamu ya kula. Mume wangu anasema nakuza mambo, watoto waende. Mama mkwe anataka niwapakie basi wote niwapeleke kwake Muheza mpaka hali itulie. Jirani mwingine kanishauri niwape flajili kila asubuhi kama kinga. Mwalimu ameshapiga simu mara mbili kuuliza. Nifanye nini? Masomo yanafidiwa, uhai haufidiwi."

Marahaba, mama. Pole kwa hofu uliyonayo, na pole kwa jirani yenu. Naomba awe ameshapona. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ndani yake kuna maswali manne: la shule, la Muheza, la flajili, na moja ambalo hukuliuliza lakini limejaa katika maneno yako, kwamba mtoto akiwa nyumbani ndipo yuko salama. Nitaanza na hilo, maana tukilikosea hilo, mengine yote yataharibika.

Umenieleza vyoo vya shule, lakini choo cha nyumbani kwako hukukitaja. Umenieleza wingi wa watoto darasani, lakini hukusema maji ya kunywa mnayatoa wapi, yanakaa kwenye chombo gani, na mtoto akishikwa na kiu anayachota kwa kitu gani. Sikulaumu. Nyumba yako umeizoea, na kitu ulichokizoea hakikutishi. Ila kwa ugonjwa huu, hayo uliyoyaacha ndiyo yanayoamua.

Kipindupindu hakipeperuki hewani. Mtoto akikaa dawati moja na mwenzake mgonjwa, wakapumua hewa moja, wakacheza, wakashikana mabega, kwa hayo peke yake haambukizwi. Barakoa haina kazi hapa. Vimelea hivi vina njia moja tu ya kuingia, nayo ni mdomo, na vina chanzo kimoja kikubwa, nacho ni kinyesi au matapishi ya mtu aliyeambukizwa. Ni maneno yasiyopendeza mezani, lakini tukiyapamba watu hawaelewi: mtu hapati kipindupindu mpaka ale au anywe kinyesi cha mtu mwingine, hata kiwe kidogo kisichoonekana. Kwa hiyo kazi yetu mimi na wewe ni kutafuta kinapitia wapi.

Unaijua mvua ya Dar. Mvua ikishika, wako wanaochukua nafasi hiyo kutapisha vyoo, maji yanabeba kila kitu, yanapita uani, yanaingia kwenye kisima kifupi kilicho hatua kumi kutoka kwenye choo. Bomba lililopasuka chini ya tope nalo, maji yakikatika, hufyonza kilicho nje yake. Yakirudi, yanakuletea sebuleni. Mtu anajaza madumu, anasukuma mkokoteni, anauza. Wewe unanunua dumu la lita 20, unamimina kwenye ndoo, unaifunika vizuri kabisa. Kisha mtoto anatoka chooni, anafunua, anazamisha kikombe na vidole vyake vinne. Hapo hata kama maji yalikuwa safi, sasa si safi tena, na nyumba nzima itakunywa.

Nimewahi kufanya kazi kwenye kambi ya kipindupindu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuingia, nieleze kidogo: vitanda vina tundu katikati, chini yake ndoo, na ndoo ile inapimwa mara kwa mara ili tujue mgonjwa amepoteza maji kiasi gani na tumrudishie mangapi. Alfajiri moja aliletwa mvulana wa miaka minane, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mama yake alikuwa akirudia neno moja: "Shule hajaenda." Siku kumi na mbili mtoto hakutoka nje ya geti. Tulipokaa naye kuuliza, ilionekana maji ya nyumba yalikuwa ya kisima cha jirani, yanakaa kwenye ndoo karibu na mlango, na kikombe cha kuchotea ni kimoja kwa wapangaji wote. Binti mmoja wa mle ndani alikuwa ameharisha kidogo juzi yake, mara tatu hivi, akapona bila dawa, hakuna aliyetilia maanani. Mtoto yule alipona. Jioni alikuwa anaomba chai. Lakini mama yake aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Nilifunga mlango, daktari. Kumbe nimeufungia ndani."

Yule binti ndiye anayeeleza kwa nini kumfungia mtoto ndani hakutoshi. Wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaugui kabisa, au wanaharisha kidogo kama mtu aliyekula embe bichi. Hata hivyo vimelea vinatoka kwenye kinyesi chao kwa siku moja hadi kumi. Jirani yako aliyebebwa usiku ndiye aliyeonekana. Wanaotembea nao bila kujua ni wengi zaidi, na wanaweza kuwa upande wa ndani wa geti lako.

Basi tuje kwenye shule. Je, ni salama? Siwezi kukujibu nikiwa nimekaa hapa, na mume wako hawezi kujibu akiwa kazini. Mtu mmoja lazima aende akaangalie, na akiangalia ajue anatafuta nini, maana wingi wa watoto darasani unatisha macho lakini kwa kipindupindu si jambo la kwanza. Ungekuwa mlipuko wa surua ningekwambia kinyume chake.

Nenda muda wa mapumziko, saa nne hivi, siyo asubuhi wakati kila kitu kimefagiliwa. Simama karibu na vyoo. Mwongozo wa nchi yetu unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule nyingi za mjini haziifikii hesabu hiyo, na wewe hutaibadilisha kwa wiki moja. Usihesabu matundu basi. Tazama mtoto anapotoka anakwenda wapi. Je, kuna maji mita chache kutoka mlangoni? Yanatiririka, iwe kutoka bombani, kwenye ndoo yenye koki, hata kibuyu chirizi kilichotengenezwa kwa dumu na kamba? Sabuni ipo, au kipo kisahani kitupu? Mtoto wa tano, wa sita, wa kumi, wananawa au wanapita? Choo kichafu kinachofuatiwa na maji na sabuni kina hatari ndogo kuliko choo kinachong'aa kisicho na pa kunawia. Najua hilo haliingii akilini kirahisi kwa mtu aliyepoteza hamu ya kula siku ile ya kikao, lakini ndivyo ugonjwa huu unavyokwenda.

Kisha angalia uji. Kama shule inapika uji au chakula cha mchana, chakula chenyewe kikitoka jikoni kinachemka hakina neno. Hatari iko kwenye kunawa. Bado ziko shule ambako darasa zima linanawa kwenye beseni moja, wa kwanza mpaka wa hamsini, maji yakishageuka rangi ndiyo yanaitwa ya kunawia. Beseni hilo ni kisima cha kipindupindu. Ukiliona, ongea na mwalimu hapohapo, kwa heshima, umwombe maji yamwagiwe mikononi kwa jagi.

Halafu geti. Hapo ndipo watoto wetu wanapokula kweli. Muhogo uliotoka kwenye mafuta sasa hivi, unaunguza vidole, haunitishi. Kinachonitisha ni pilipili ya maji iliyo kwenye kopo pembeni, na kachumbari, na embe lililomenywa likamwagiwa chumvi na pilipili likakaa juani, na barafu za mfuko, na juisi ya ukwaju kwenye ndoo. Kugandisha hakuui vimelea hivi; barafu ya maji machafu ni maji machafu magumu. Watoto wengi ninaowaona wakati wa milipuko hawakuupata ugonjwa darasani, waliununua getini kwa shilingi mia mbili.

Jambo la mwisho la kuuliza ni hili: mtoto akianza kuharisha akiwa shuleni, nini kinafanyika? Mwalimu mwenye jibu lililonyooka, kwamba tunampa maji ya oaresi, tunampigia mzazi, tunampeleka zahanati ile pale, na tunamwaga klorini pale alipochafua, huyo ana shule iliyojiandaa. Mwalimu akikwambia "hapa kwetu haijatokea," hapo wasiwasi wako una msingi.

Ukishayaona hayo, uamuzi wangu kwa wanao ungekuwa hivi. Binti wa miaka 12 arudi shule hata kesho, labda ukute shule haina maji kabisa. Anajua kunawa, anaelewa akiambiwa asinunue barafu, anaweza kubeba chupa yake ya lita moja ya maji mliyoyatibu nyumbani na ikamtosha mpaka mchana. Wa darasa la pili naye arudi, lakini kwake sharti ni kali zaidi kwa sababu mtoto wa miaka 7 husahau. Shule ikiwa na maji yanayotiririka na sabuni, aende. Ikiwa haina, una haki ya kumbakiza siku chache huku wewe na wazazi wenzako mkishinikiza. Huo si ujinga wala si kukuza mambo. Mwambie mwalimu wazi kwa nini hayupo, uchukue kazi zake, usimwache mwalimu akidhani mtoto ametoroka. Na usimpe hela ya kutumia katika kipindi hiki. Mpe chakula cha kubeba: kiazi kilichochemshwa, chapati, ndizi ambayo ataimenya mwenyewe baada ya kunawa.

Nakuonya pia kuhusu chupa. Mtoto wa Kiswahili hawezi kunywa maji mbele ya mwenzake mwenye kiu na asimpe, na sitaki umfundishe uchoyo. Mjazie zaidi ya anayohitaji, umfundishe kumwagia mdomoni bila kugusa, na umwambie kabisa kwamba chupa ikiisha asiijaze kwenye bomba la shule mpaka uhakikishe maji hayo yanatiwa dawa.

Kushinikiza si lazima kuwe ugomvi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na bwana afya wa kata wana wajibu wa kufika shuleni wakati wa mlipuko, na kamati ya shule inaweza kuwaita. Ndoo mbili za koki, katoni ya sabuni za mche na mzazi mmoja wa zamu wa kusimama pale wakati wa mapumziko: nimeona wazazi wa darasa moja wakiyapata hayo kwa mchango usiozidi bei ya soda kwa kila mmoja. Kama shule haina maji kabisa, hilo ni la kuripotiwa siku hiyohiyo. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Unaweza kuniuliza: mbona serikali nyingine hufunga shule? Ni kweli. Lusaka, Januari 2024, kipindupindu kilipopamba moto, ufunguzi wa shule nchini Zambia ulisogezwa kutoka Januari 8 hadi 29, kisha hadi Februari 12, na uwanja wa mpira wa Heroes ukageuzwa kuwa kituo cha matibabu. Yako mazingira ambamo kufunga ni sahihi, hasa pale shule zenyewe hazina maji na mfumo wa afya umeelemewa. Mamlaka zikitangaza kufunga, tii, usitafute tuisheni ya kichochoroni ambako watoto arobaini wanatumia choo kimoja cha mpangaji. Lakini kufunga nako kuna gharama, na gharama hiyo tumeiona karibu. Wako watoto wa Uganda ambao tangu Machi 2020, wakati wa korona, hawakuingia darasani mpaka Januari 10, 2022. Shule zilipofunguliwa, wapo wasichana waliorudi wakiwa wamebeba watoto, na wapo ambao hawakurudi kabisa. Una binti wa miaka 12. Wiki moja au mbili zinafidiwa, hapo nakubaliana nawe. Miezi haifidiki kirahisi hivyo, na kipindupindu mtaani kwetu kinaweza kwenda na kurudi msimu mzima wa mvua. Ndiyo maana sitaki mpango wako uwe wa kusubiri kiishe.

Kwa hiyo mume wako amepatia uamuzi, lakini sababu yake siyo sahihi. Hukukuza mambo hata kidogo. Umeona hatari iliyopo, ila umeielekeza upande mmoja tu.

Sasa flajili. Tafadhali acha, na kama umeshaanza, simamisha leo. Flajili ina kazi zake, lakini haizuii kipindupindu. Hata dawa zinazokiua kweli hatumgawii kila mtu mtaani kama kinga, kwa sababu kinga yake ni ya muda mfupi na vimelea hujifunza kuzikwepa, mpaka siku mgonjwa mahututi anapozihitaji hazimsaidii. Kuhusu ndimu, maana najua nayo itatajwa: ni kweli vimelea hivi havipendi uchachu, na asidi ya tumbo letu huua vingi kabla havijafika kwenye utumbo. Kamua ndimu kwenye mboga, ni vizuri. Lakini usiitegemee ndimu moja kwenye dumu la maji ya kisima.

Kinga yenye maana ni chanjo ya matone ya kunywa. Hapa kwetu si ngeni. Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 2009 katika maeneo yaliyokuwa yakisumbuliwa na ugonjwa, na matokeo yakaonyesha inakinga vizuri. Kwa sababu chanjo ni chache duniani, tangu Oktoba 2022 milipuko hupewa dozi moja badala ya mbili. Dozi moja nayo inakinga angalau kwa miezi sita, ingawa kwa watoto wa chini ya miaka mitano kinga yake ni dhaifu zaidi. Ikipita mtaani kwenu, wewe, baba yao na wale wawili wakubwa mnywe. Mdogo wa miezi 10 hajafika umri. Inaanza mwaka mmoja.

Kinga ya huyo mdogo ni ziwa lako. Mnyonyeshe bila kipimo. Uji wake uchemke, upoe kwenye bakuli lake, anywe, unaobaki usimwekee mpaka jioni. Na kinyesi chake, mama, usikidharau. Tumezoea kusema cha mtoto mchanga hakina madhara, tunasuuza nepi ya kitambaa kwenye karai uani na kumwaga palepale. Kina madhara sawa na cha mtu mzima. Kiende chooni, na wewe unawe kwa sabuni kabla hujagusa sufuria.

Maji ya nyumbani nilisema ndiyo yanayoamua, basi nisiyapite haraka. Yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kisha yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu, au kama mkaa umekushinda bei, tia dawa ya maji kama waterguard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Hiyo nusu saa watu wengi huiruka. Yaweke kwenye ndoo yenye koki na mfuniko. Huna ya koki? Tumia dumu lenye mdomo mwembamba ambao mkono hauingii, mmimine. Kitu kimoja tu kisirudi nyumbani kwako: kikombe cha kuchovya. Na kama choo ni cha wapangaji wote, kaeni kikao cha dakika kumi, ndoo ya koki na sabuni vikae mlangoni pa choo, si ndani ya chumba cha mtu.

Muheza. Namwelewa mama mkwe, na naomba umfikishie salamu kwa heshima zote, lakini safari hiyo siipendi. Mtu akiambukizwa, dalili hutokea kati ya saa chache na siku tano. Jirani wa nyumba ya tatu ameugua wiki iliyopita, na inawezekana mmetumia kisima kimoja, kwa hiyo mmoja wa watoto anaweza kuwa tayari amebeba vimelea hali anaonekana mzima. Sasa fikiria anaanza kuharisha usiku mkiwa barabarani, kati ya Mkata na Segera, basi limejaa, dereva hataki kusimama, na wewe una mtoto wa mwaka kasoro mgongoni. Au mnafika salama, kisha mtoto anakwenda choo cha shimo cha bibi kilicho juu ya mto wanakoteka maji kijiji kizima. Tungekuwa tumempelekea mama mkwe ugonjwa ambao kijijini kwake haukuwepo. Hapo mlipo, kama mlipuko umetangazwa, kituo cha matibabu kiko karibu na wahudumu wanajua wanachokitafuta. Kwa ugonjwa unaoweza kuua kwa saa chache, ukaribu huo una thamani kubwa.

Niseme haraka kuhusu magonjwa mengine, kwa sababu kesho linaweza kuja lingine na jibu hili likutie kosani. Surua inasafiri kwa hewa, na hewa ya chumba hubaki na virusi hata saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Hapo kunawa mikono hakutoshi, swali ni kadi ya kliniki. Mtoto mwenye chanjo zote mbili, ya miezi tisa na ya mwaka mmoja na nusu, aende shule. Asiye nazo akachanjwe kwanza. Marburg, ile iliyotokea Kagera mwaka 2023, na Ebola huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti, na huko hakuna cha kupima mwenyewe, fuata amri ya mamlaka neno kwa neno. Mwishoni mwa Novemba 2022 Uganda ilifunga muhula wiki mbili kabla ya wakati kwa ajili ya Ebola, baada ya wanafunzi kuugua na wengine kufariki, na ilikuwa sawa. Kila ugonjwa una njia yake, na uamuzi wa shule unaifuata njia hiyo.

Nimalizie na siku ambayo mtoto lazima abaki nyumbani, na siku ambayo nyumbani hapatoshi. Akiharisha au kutapika hata mara moja katika kipindi hiki, haendi shule, kuwe na mtihani au kusiwe. Arudi baada ya siku mbili kamili tangu kuharisha kukome, na kwa wiki nzima baada ya hapo umsimamie kunawa kila akitoka chooni. Kama aliyeugua ni mtu wa ndani ya nyumba yenu, watoto wengine waangalie kwa karibu siku tano; choo kikilainika tu, wabaki.

Na usiogope ugonjwa huu kupita kiasi ukasahau kwamba unatibika. Sumu ya vimelea hivi haiuchubui utumbo; inafungua milango ya maji, maji ya mwili yanamiminika nje kama bomba lililoachwa wazi. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, na kinachoua ni ukavu huo. Lakini uko mlango mmoja ambao sumu haiufungi: ule unaoingiza sukari na chumvi pamoja, na vikiingia huvuta maji ndani. Ndiyo siri ya oaresi. Mwaka 1971 daktari wa Kihindi, Dilip Mahalanabis, akiwa na wakimbizi wa vita huko Bangaon na chupa za dripu zimeisha, aliwanywesha watu mchanganyiko huo kutoka kwenye mapipa, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Leo mgonjwa anayewahiwa ana nafasi ya kupona zaidi ya 99 katika 100.

Kwa hiyo nunua pakiti nne za oaresi leo, ziwe ndani kabla hazijahitajika. Pakiti moja, lita moja kamili ya maji safi, usipunguze maji ili ikolee, na ikipita siku nzima uimwage. Usipokuwa nayo, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kwa lita moja. Usimpe dawa ya kufunga kuharisha. Mtoto wa miaka 7 anywe nusu kikombe hadi kikombe kila baada ya choo. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena polepole kwa kijiko. Huyo mdogo mpe kijiko kwa kijiko, na ziwa liendelee.

Choo kikiwa cha maji meupe kama maji ya mchele, au macho yakizama, au mkojo ukikosekana, au mtoto akilegea au akashindwa kunywa, msikae kujadiliana wala msisubiri kupambazuke. Nendeni kituo cha afya usiku huohuo, na chupa ya oaresi iwe mkononi mwako. Mkiwa kwenye bajaji, endelea kumnywesha.